Bado Kidogo, Alisema Fundi wa Chini

Ilianza Jumatatu ya pili ya likizo ya Agosti, saa tatu na dakika ishirini asubuhi. Najua saa kwa sababu Fundi wa Chini alikuwa ameahidi kufika saa moja kamili, na Mama alikuwa akitusomea saa kutoka kwa simu yake kama mtangazaji wa redio. Alipoingia hakuomba msamaha. Alivua gambuti mlangoni, akatusalimu chamgei, akatoa gololi ya kijani mfukoni, akaiweka katikati ya sebule na kuiachilia. Gololi ilifikiri kidogo. Halafu ikaanza safari, ikapita chini ya meza, ikapita katikati ya miguu ya Kogo, yaani nyanya yangu, ikaenda kugonga kabati la vyombo.

"Hii nyumba inaenda Kisumu," akasema.

Mama akamwambia hajali inaenda wapi, bora ifike na taili. Jumamosi ya mwisho ya likizo ni koito ya dada yangu Chebet. Watu wa upande wa kijana watakuja kuketi sebuleni kwetu na kuongea mambo ya mahari, na Mama hataki wakumbuke sakafu nyekundu iliyopasuka kama kisigino. Fundi wa Chini akaitikia kila kitu, akapiga magoti, akatugeuzia mgongo, na hapo tukabaki na upande wake ule ninaoujua zaidi.

Nitasema ukweli kwa sababu daftari hili halisomwi na mtu. Nimemjua huyu mzee tangu nikiwa darasa la tatu, na sasa niko kidato cha tatu, na miaka hiyo yote nimemjua kwa nyuma. Nyumba yoyote mpya kutoka kwetu hadi Kabianga, ukiingia kabla haijaisha, mpaka mwaka jana ulikuta suruali ya kahawia imeinama kwenye kona, na viraka viwili vya tairi kwenye magoti. Watu humsalimia bila kungoja ageuke. Mimi kwa miaka mingi sikujua kama ana masharubu. (Anayo. Ni machache na hayalingani.)

Anaitwa wa Chini kwa sababu hajawahi kupanga taili hata moja maishani. Kazi yake ni ile ya kabla. Anakwangua, anachokoa, anaziba mashimo, anamwaga ile tabaka ya simiti na mchanga wanayoita skridi, anailainisha mpaka inakuwa kama uso wa uji uliopoa. Halafu anaenda zake. Anakuja mwingine, tunamwita Fundi wa Juu, anapanga taili, anapigwa picha, anapewa kuku. Hakuna mtu amewahi kuingia kwenye nyumba akasema, jamani, hapa chini ya taili pako sawa sana.

Yeye mwenyewe hapendi taili. Anasema ni sahani za watu ambao hawajapika. Anasema pia taili ni shati, na mtu akiwa na kidonda, shati halimponyi. Mambo haya huyasema akiwa ameinama, kwa hivyo husikika kama yanatoka kwenye simiti yenyewe.

Sasa, uongo wake. Huyu mzee ni mwongo wa simu kuliko mtu yeyote ninayemjua, na nina wajomba. Anaishi chini tu ya shamba letu la majani chai. Ukisimama kwenye tangi la maji unaona bati lake. Mama akimpigia kumuuliza amefika wapi, anasema niko hapa kwa barabara mama, nimeona lango. Na sisi tunasikia mbwa wake akibweka mara mbili, mara ya kwanza kwenye simu na mara ya pili dirishani. Siku moja Mama alimwambia basi nisalimie huyo mbwa wa barabarani. Alimsalimia.

Lakini sakafu haidanganyi hata kidogo. Ile gololi anaiita Mkaguzi, kwa sababu, anasema, ndiye mkaguzi pekee katika kaunti hii ambaye halambi mkono wa mtu. Ana kijiko pia cha kugongea. Anagonga kwa mpini, sikio likiwa chini, shavu limelala kwenye vumbi. Mahali pazuri panajibu kwa sauti fupi. Mahali pabovu panalia kama sufuria tupu. Akipata pabovu hufurahi sana, huchora duara kwa chaki, na kusema, "Huyu alikuwa amejificha." Siku ya pili sebule yetu ilikuwa na maduara ishirini na Kogo akauliza kama ni mchezo.

Vita vyake na Kogo vinastahili ukurasa. Sakafu yetu ilikuwa nyekundu kwa sababu Kogo aliipaka rangi ya kung'arisha kila Ijumaa tangu Mama akiwa mtoto. Aliipaka kwa magoti yake mwenyewe, akaisugua kwa kipande cha blanketi, na sisi wajukuu tuliteleza juu yake tukiwa na soksi mpaka tukavunja meno. Fundi wa Chini aliipitishia kidole, akakinusa, akasema haya ni mafuta. Taili hailali juu ya mafuta. Ni kama kubandika stempu kwenye mandazi. Lazima yote yatoke.

Kogo aliweka kiti chake katikati ya sebule akakalia. Alimwambia, kwa lugha yetu na kwa utulivu, kwamba mwanamume anayekwangua usafi wa mwanamke atazikwa akiwa mchafu. Alimwambia mama yake hakujua kusugua, ndiyo maana alizaa mtu wa kuchokoa. Fundi alikwangua kwa patasi kumzunguka, siku mbili nzima, mpaka kikabaki kisiwa chekundu, na juu yake kiti, na juu ya kiti Kogo. Siku ya tatu Kogo alienda choo. Aliporudi kisiwa kilikuwa kimeisha na kiti kimesimama mlangoni. Fundi alikuwa amemwekea kipande kimoja, ukubwa wa kiganja, chekundu bado kinang'aa. Alimkabidhi kwa mikono miwili. Kogo alimrushia, kikamkosa. Sasa tunakitumia kuzuia mlango.

Kwake nyumbani nimeenda mara moja tu, kupeleka sufuria ya mke wake. Sakafu ni udongo, na udongo wenyewe una milima. Meza yao imesimama juu ya vitu vinne tofauti: jiwe, soli ya kiatu, kopo la rangi, na kitu ambacho nadhani kilikuwa redio. Mke wake aliniambia nikanyage karibu na ukuta. Watu husema kinyozi hajinyoi. Sawa, lakini kinyozi hajikwai kwa nywele zake akiwa amebeba uji.

Na chai hanywi. Alichuma majani ya shamba kubwa ujanani mwake, na anasema ameyaona majani hayo kuliko alivyomwona mke wake, yatosha. Anataka maji moto na sukari, kwenye kikombe cha chai, na sosa yake. Mama anaona ni tusi lakini humpa.

Kitu kimoja tunafanana, na ndicho kilichonitia kwenye shida. Mimi ni mtu wa haya. Sizungumzi na wageni, darasani sinyanyui mkono, na nikiulizwa kitu na mtu mzima jibu langu ni moja. Umekula? Bado kidogo. Umemaliza kusoma? Bado kidogo. Unataka kuongea na shangazi kwa simu? Bado kidogo. Ni neno zuri, halimkasirishi mtu na halifungui mlango. Fundi wa Chini naye hulitumia hivyo hivyo. Kwa mdomo wake ni pado kitoko, na nyumbani hatumcheki kwa sababu sisi wote tunatamka hivyo mwalimu wa Kiswahili akiwa mbali.

Skridi ilimwagwa Alhamisi ya wiki hiyo ya kwanza. Ilikuwa nzuri, siwezi kusema uongo. Alipomaliza aliachilia Mkaguzi katikati, na Mkaguzi akakaa tu pale kama mtu aliyefika kwake. Mama akapiga makofi. Akauliza kama Fundi wa Juu anaweza kuja kesho.

Shida ni kwamba simiti huonekana imekauka juu wakati ndani bado ina maji, na huku kwetu mvua hunyesha saa nane mchana kama imeajiriwa. Fundi alikata kipande cha nailoni ya gunia la mbolea, akakibandika sakafuni kwa mkanda pande zote nne, akasema kikae usiku. Asubuhi alikibandua. Chini yake kulikuwa na jasho, matone madogo madogo. Akamwonyesha Mama. Akabandika upya. Kila siku hivyo, wiki nzima, na Mama akihesabu siku za koito kwa vidole na kuangalia nailoni kama mtu anayeangalia mgonjwa.

Hapo ni lazima niandike habari ya kanisa, kwa sababu bila hiyo utaona ni mzee msumbufu tu. Mwaka jana alifanya sakafu ya kanisa moja upande wa Kedowa. Taili zikapangwa, zikapendeza. Miezi mitatu baadaye, Jumapili ya shukrani, kwaya ya akina mama ikiwa katikati ya wimbo, sakafu ikalia paa! Kwaya wakadhani ni Roho, wakaongeza sauti na miguu. Ikalia tena. Taili zikanyanyuka mbili mbili, zikaegemeana kama vihema, na mweka hazina akajikwaa akaanguka na sadaka yote. Simiti ilikuwa mbichi chini. Fundi wa Juu alisema yeye alipanga tu alichokikuta. Kuanzia siku hiyo watu walimwita mzee wetu Fundi wa Chapati, kwa sababu sakafu yake ilifura. Karibu mwaka mzima hakuna aliyemwita kazini. Mama ndiye wa kwanza, na nadhani ni kwa sababu ni jirani na alimwonea huruma. Kwa hivyo sakafu yetu ikifura mbele ya wakwe, na nusu ya kijiji ikiwa imeketi hapo na vikombe mkononi, yule mzee amekwisha. Hataitwa hata kuziba shimo la panya.

Jana, Ijumaa, alikuja saa tisa alasiri, mvua ikiwa imepungua. Hakuja kufanya kazi. Alisimama mlangoni akiegemea fimbo, na kwa mara ya kwanza nikaona ana uso. Ni uso wa mtu mpole aliyechoka. Magoti yalikuwa yamevimba mpaka viraka vya tairi vimekaza. Alisema binti yake anayekaa Mulot amemwambia aende huko leo alfajiri, apelekwe kuonwa, na huenda akakaa wiki mbili. Alitaka kuangalia sakafu kabla ya kwenda lakini kushuka chini hawezi, akishuka hatapanda.

"Lakwet," akaniita, yaani mtoto, "shuka wewe."

Nikashuka. Nikagonga kwa kijiko alipokuwa akinionyesha kwa fimbo, na yeye akifunga macho asikilize. Nikabandua kona ya nailoni. Nikapitisha kidole chini yake. Akauliza, nikamwambia ni maji. Akauliza mengi au machache. Nikasema machache, lakini ni maji. Akaitikia kwa kichwa kama mwalimu ambaye hatimaye amepata jibu, nami nikaona haya nikabandika upya.

Kisha Mama akamleta kwenye kiti, akampa maji moto na sukari, mahindi ya kuchemsha, na mursik, yale maziwa ya kibuyu yaliyokuwa yamewekewa wageni. Akamwulizia magoti. Akampa salamu za kumpelekea binti yake. Akamfungia mayai sita ya kubeba. Na alipokwisha kumjaza hivyo akauliza, kwa sauti laini, kama Fundi wa Juu anaweza kuanza kesho Jumamosi, maana zimebaki siku nane tu.

Nilikuwa nimesimama karibu na mlango wa jikoni. Niliona mzee akiangalia kikombe. Akaangalia mayai. Akasema, "Bado kidogo, mama."

Mama akafurahi. Akasema hicho kidogo si kitu, kitamalizikia usiku huu. Akatoka nje kutafuta mtandao, tukamsikia akicheka na Fundi wa Juu kwenye simu, njoo asubuhi, mzee amesema imebaki kidogo tu.

Fundi wa Chini alimaliza maji yake. Niliambiwa nimsindikize mpaka langoni nimshikie mayai. Tulienda pole pole kwa sababu ya magoti na matope. Katikati ya majani chai alisimama.

"Umesikia vile nimesema?"

"Umesema bado kidogo."

"Sasa hiyo bado kidogo ni nini?"

Nikafikiri. Nikasema, kwa Mama ni karibu. Kwake yeye, sijui.

"Bado kidogo ni bado," akasema. "Hiyo kidogo ni ya adabu tu."

Halafu akaniambia habari ya kanisa ambayo hakuna mtu anaijua. Mwenyekiti wa kamati alikuwa rika la baba yake. Alimwuliza mbele ya watu kama taili zinaweza kupangwa, askofu anakuja, na yeye alijua simiti ni mbichi, nailoni ilikuwa inatoa jasho kama mtu wa malaria. Lakini angemwambiaje mzee kama yule hapana? Akasema bado kidogo. Wakapanga mchana huo huo. Na walipokuja kumlaumu baadaye, hakuweza pia kusema nyinyi hamkusikia. Akawa chapati.

Nikamwambia arudi basi amwambie Mama. Nilishangaa mimi mwenyewe kwa kumwambia mtu mzima kitu. Aligeuka akaangalia nyumba yetu. Moshi ulikuwa unatoka jikoni na Mama bado alikuwa anacheka kwenye simu. Aliangalia muda mrefu kidogo, hata nikadhani atarudi.

"Mimi na sakafu tunaelewana," akasema. "Watu ndio shida. Mama yako amenipa mayai."

Akaingiza mkono mfukoni, akatoa ile gololi ya kijani, akaniwekea mkononi na kuchukua mayai. Hakusema niifanyie nini. Akaenda, na kwa kuwa ni njia ya kuteremka, nikabakiwa tena na ule upande ninaoujua.

Nilikasirika. Nilirudi nikijiambia kwamba mtu wa miaka yote hiyo anaogopa mayai sita, halafu anamwachia kazi mtoto ambaye hawezi kumwambia kondakta atashukia wapi. Nilimkasirikia mpaka nikalala.

Leo asubuhi, Jumamosi, Fundi wa Juu alifika saa mbili kasorobo. Ni kijana wa kutoka Keroka aliyeoa huku, mcheshi, suruali yake haina hata vumbi, na redio yake ndogo hufika kazini kabla yake. Alimsalimia Kogo kwa lugha yetu, vibaya, na Kogo akampenda. Akapanga maboksi ya taili karibu na ukuta, akaweka maji kwenye karai, akashika mfuko wa gundi ili aukate. Mama alikuwa amevaa leso safi kama mtu anayengoja picha.

Nilipita katikati yao nikapiga magoti. Nilibandua nailoni, siyo kona, yote. Nikaweka kiganja pale chini, nikakiinua, na kilikuwa kinang'aa kwa maji. Nikamwonyesha Mama. Tone moja likaanguka sakafuni.

"Bado," nikasema.

Mama akaniangalia kana kwamba kabati la vyombo limeongea. Fundi wa Juu akazima redio.

"Bado kidogo?" Mama akauliza.

"Bado."

Akasema lakini mzee mwenyewe jana, mbele yako. Nikamwambia mzee alisema bado, ile kidogo ilikuwa ya mayai. Sikuwa nimepanga kusema hivyo, ilitoka tu. Kogo akacheka mpaka akakohoa. Fundi wa Juu akachuchumaa, akagusa sakafu kwa kidole kimoja, akaguna, akasema yeye hupanga tu anachokikuta, lakini kwa kweli hiki alichokikuta bado kinatoa maji. Mama alisimama pale na leso yake. Akasema wakwe wataketi kwenye simiti kama watu wa ghala. Akasema nitajua mimi. Akamwambia Fundi wa Juu akate tu huo mfuko, wajaribu hata kona moja.

Mimi maneno yalikuwa yameisha. Yote niliyokuwa nayo ya mwezi huu nilikuwa nimeyatumia. Kwa hivyo nilibandika nailoni upya, pande zote nne, nikaweka Mkaguzi juu yake katikati ili mtu asiikanyage. Kisha nikaenda nikakalia maboksi ya taili, nikawageuzia wote mgongo, na nikafungua daftari hili.

Sasa ni saa nne na nusu. Gundi haijakatwa. Bado nimekaa.